Sophie Germain na Familia Yake ya Namba Tasa

Katika sura hii utasoma maisha ya Sophie Germain, mwanahisabati wa Ufaransa aliyeishi kuanzia mwaka 1776 hadi 1831. Jina lake limepewa familia moja ya namba tasa ambayo hadi leo watu wanaitafuta kwa kompyuta. Soma sura nzima mara ya kwanza bila kuandika chochote. Ukimaliza, rudi mwanzo ukiwa na kalamu na karatasi, ufanye mwenyewe kila hesabu utakayoikuta. Maswali ya kujipima yako mwishoni.

Marudio ya haraka: namba tasa ni nini?

Chukulia mama anayeuza machungwa ya Muheza hapa kwetu Nguvumali, Tanga. Akibakiwa na machungwa 12, anaweza kuyapanga katika mafungu yaliyo sawa kwa njia kadhaa: mafungu 2 ya sita sita, mafungu 3 ya manne manne, mafungu 4 ya matatu matatu, au mafungu 6 ya mawili mawili. Akibakiwa na 13, hana njia. Atayaweka yote fungu moja, au ataliweka kila chungwa peke yake. Namba kama 13, isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa namba tasa. Namba 1 haimo katika kundi hili. Namba 2 imo, nayo ndiyo namba shufwa pekee iliyo tasa.

Euclid, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Kwa hiyo hakuna namba tasa iliyo kubwa kuliko zote. Kinachowezekana ni kupata iliyo kubwa kuliko zile zilizokwisha kujulikana. Na kwa kuwa kupima kila namba moja moja ni kazi isiyokwisha, wanahisabati huchagua familia, yaani namba zenye umbo fulani, wakatafuta humo. Familia utakayoisoma hapa ilipatikana kwa mwanamke ambaye hakuruhusiwa kukaa darasani.

Msichana na mishumaa

Sophie alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 1 Aprili 1776. Baba yake, Ambroise-François Germain, alikuwa mfanyabiashara wa hariri na mtu mwenye uwezo. Mwaka 1789 alichaguliwa kuwa mmoja wa wawakilishi wa wananchi. Nyumbani kwake mlikuwa na maktaba. Shika jambo hilo, kwa sababu bila vitabu vile pengine tusingekuwa na habari hii ya kusimulia.

Mwaka huo huo wa 1789, Sophie akiwa na miaka 13, mapinduzi yalizuka. Tarehe 14 Julai umati wa watu ulivamia gereza la Bastille, na mitaa ya Paris haikuwa tena mahali pa mtoto kutembea. Sophie akakaa ndani na kushika vitabu. Kimoja kilikuwa historia ya hisabati iliyoandikwa na Montucla. Humo alisoma habari za Archimedes, ambaye inasimuliwa kwamba aliuawa na askari wa Kirumi huku mawazo yake yote yakiwa kwenye mchoro wa jiometri. Sophie aliona kwamba somo linaloweza kumfanya mtu asahau hata upanga uliomsimamia kichwani halikosi kuwa na kitu cha thamani. Akaamua kulisoma.

Wazazi wake hawakupenda. Siku zile hisabati haikuhesabiwa kuwa kazi ya msichana. Walipomkuta akisoma usiku, walimnyang'anya mishumaa, wakamnyima moto wa kuota, wakaondoa hata nguo zake ili baridi imlazimishe kubaki kitandani. Paris si Tanga. Majira ya baridi ya huko maji hugeuka barafu. Sophie alikuwa akisubiri wazazi walale, kisha anajifunika mablanketi na kuwasha mishumaa aliyoificha. Asubuhi moja walimkuta amesinzia mezani, wino umeganda ndani ya kidau na kibao chake kimejaa hesabu. Hapo wakakubali. Tangu wakati huo baba yake hakumzuia tena, na ndiye aliyemtunza kwa fedha zake. Sophie hakuolewa, wala hakuwahi kupata kazi ya mshahara.

Kama umewahi kusoma kwa mwanga wa simu umeme ulipokatika, unaielewa sehemu ya habari hii. Sehemu nyingine huenda huijui: kusoma huku watu wa nyumbani kwako, wanaokupenda, wakiamini kwamba wanakulinda kwa kukuzimia taa.

Jina la kuazima

Mwaka 1794, Sophie akiwa na miaka 18, chuo kipya kilifunguliwa mjini Paris. Baadaye kidogo kilipewa jina la École Polytechnique. Kilikuwa na walimu bora wa hisabati nchini, na kilipokea wanaume peke yao. Hata hivyo maandishi ya mihadhara yaliweza kupatikana nje ya darasa, na wanafunzi waliruhusiwa kuwapelekea maprofesa kazi walizoandika wenyewe.

Sophie akapita katika mlango huo mdogo. Alipata maandishi ya mihadhara ya Joseph-Louis Lagrange, akayasoma, kisha akampelekea kazi yake. Hakuweka jina lake. Aliandika jina la mwanamume, Le Blanc. Lagrange, aliyekuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa Ulaya, alivutiwa na kazi ile, akataka kumfahamu huyo Le Blanc. Alipogundua kwamba ni msichana, hakumfukuza. Alimsifu na kumtia moyo aendelee.

Lakini usichanganye kutiwa moyo na kufundishwa. Sophie hakupata mtaala, hakupata mtihani, wala mwalimu wa kusahihisha kazi yake hatua kwa hatua. Alijifunza Kilatini peke yake ili aweze kusoma vitabu vya Newton na Euler. Mtu anayejisomea hivyo huweza kufika mbali sana katika jambo moja, na papo hapo akakosa jambo jingine ambalo mwanafunzi wa darasani hulipata katika wiki ya kwanza. Pengo hilo lilimfuata Sophie maisha yake yote, kama utakavyoona.

Barua kwa Gauss

Mwaka 1801 Mjerumani kijana, Carl Friedrich Gauss, alichapisha kitabu kikubwa cha nadharia ya namba. Wengi walikiona kigumu mno. Sophie alikisoma kwa muda mrefu, akajaribu uthibitisho wake mwenyewe juu ya baadhi ya mambo yaliyomo, na mwaka 1804 akamwandikia Gauss. Kwa mara nyingine alitumia jina la Le Blanc. Gauss alimjibu kwa heshima, na barua zikaendelea kwenda na kurudi.

Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliingia Ujerumani na kufika Braunschweig, mji alioishi Gauss. Sophie akakumbuka yaliyompata Archimedes. Alimwandikia Jenerali Pernety, rafiki wa familia yao, akamwomba amlinde Gauss. Jenerali akamtuma ofisa kwenda kumtazama. Gauss alikuwa salama, ila alishangaa: hakumjua mwanamke yeyote aitwaye Sophie Germain. Mwaka 1807 Sophie ikambidi amweleze ukweli, kwamba yeye ndiye Le Blanc.

Gauss hakukasirika. Katika jibu lake alieleza furaha na mshangao wake, akasema kwamba mwanamke anayevuka vizuizi vya desturi hadi kufika katika sehemu ngumu kabisa za nadharia ya namba lazima awe na ujasiri na kipaji kisicho cha kawaida. Angalia vizuri mfuatano wa mambo, maana watahiniwa wengi hukosea hapa. Kazi ya Sophie iliheshimiwa kwanza, jina lake likajulikana baadaye. Heshima ya Gauss haikuwa huruma.

Kukosea mara mbili

Mwaka 1808 Mjerumani mwingine, Ernst Chladni, alifika Paris na kuonyesha jambo la ajabu. Alinyunyiza mchanga juu ya bamba la chuma, akapitisha upinde wa fidla ukingoni mwake. Bamba lilipotetemeka, mchanga ulijipanga wenyewe na kufanya michoro iliyolingana pande zote. Kwa nini? Hakuna aliyekuwa na mlinganyo wa kulieleza jambo hilo. Taasisi ya Ufaransa ikatangaza shindano, na zawadi ilikuwa medali ya dhahabu.

Wanahisabati wengi waliliepuka swali hilo kwa ugumu wake. Sophie alilikabili. Mwaka 1811 alipeleka jibu, na lilikuwa jibu pekee lililopokelewa. Halikushinda. Lilikuwa na makosa yaliyotokana na lile pengo la elimu, hasa katika tawi la kalkulasi ambalo hakuna aliyemfundisha. Lagrange, mmoja wa waamuzi, aliusahihisha mlinganyo wake. Muda wa shindano ukaongezwa. Mwaka 1813 Sophie akajibu tena, akapewa sifa lakini si medali. Muda ukaongezwa mara nyingine. Tarehe 8 Januari 1816 alipewa zawadi kwa jaribio lake la tatu, ingawa waamuzi walikuwa bado na dosari walizoziona. Hakuhudhuria sherehe ya kukabidhiwa.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda zawadi ya taasisi hiyo katika hisabati. Kumbuka pia kwamba mlinganyo wa 1811 ulikuwa na kosa, na kosa hilo ndilo lililoonyesha wapi pa kuanzia safari nyingine.

Familia yake ya namba

Sasa tunafika kwenye kiini cha sura hii. Katika karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat alidai kwamba mlinganyo xⁿ + yⁿ = zⁿ hauwezi kutimizwa na namba nzima kubwa kuliko sifuri endapo n ni kubwa kuliko 2. Kwa kipeo cha 2 mifano ipo mingi; unaijua 3² + 4² = 5². Kwa kipeo cha 3 na kuendelea, Fermat alisema hakuna hata mmoja. Uthibitisho wa jambo lote haukuonekana katika maandishi yake. Waliokuja baada yake walishughulikia kipeo kimoja kimoja: cha 4, kisha cha 3, na hapo wakakwama.

Sophie alitafuta njia ya kushughulikia vipeo vingi kwa pamoja. Alichagua namba tasa zenye sifa hii: chukua namba tasa p, izidishe kwa 2, ongeza 1. Kama jibu nalo ni namba tasa, basi p imo katika familia. Leo namba hizo huitwa namba tasa za Sophie Germain.

Fanya hesabu mwenyewe:

p = 5: 2 × 5 + 1 = 11, ni tasa. Kwa hiyo 5 imo.
p = 7: 2 × 7 + 1 = 15, si tasa. Kwa hiyo 7 haimo.
p = 11: 2 × 11 + 1 = 23, ni tasa. Kwa hiyo 11 imo.
p = 13: 2 × 13 + 1 = 27, si tasa. Kwa hiyo 13 haimo.

Chini ya 100 zipo kumi tu: 2, 3, 5, 11, 23, 29, 41, 53, 83 na 89.

Zipo njia mbili za mkato za kuziondoa namba zisizofaa kabla ya kupoteza muda. Kwanza, namba tasa inayoishia na tarakimu 7 haiwezi kuwamo, kwa sababu ukiizidisha kwa 2 na kuongeza 1 utapata namba inayoishia na 5, nayo hugawanyika kwa 5. Pili, namba tasa iliyo kubwa kuliko 3 ambayo ukiigawa kwa 3 inabaki 1 haiwezi kuwamo pia. Andika p = 3k + 1. Basi 2p + 1 = 6k + 3, ambayo hugawanyika kwa 3. Jaribu kwa 13, 19, 31 na 37 uone.

Sophie alithibitisha nini juu ya familia hii? Tuchukue p ambayo imo katika familia na ni witiri. Alionyesha kwamba, kama kungekuwa na namba nzima tatu zinazotimiza xᵖ + yᵖ = zᵖ, basi angalau moja kati ya hizo tatu ingelazimika kugawanyika kwa p. Hilo halikumaliza swali la Fermat, bali liligawa kazi katika sehemu mbili na kuifunga mojawapo. Kwa kutumia pia namba tasa saidizi za maumbo mengine, alifikia matokeo hayo hayo kwa kila namba tasa ya witiri iliyo chini ya 100. Kabla yake watu walikwenda kipeo kimoja kimoja. Yeye alivigusa vyote hivyo kwa njia moja. Mwaka 1825 Dirichlet na Legendre walipokamilisha uthibitisho wa kipeo cha 5, walianzia kwenye mgawanyo huo huo wa kazi.

Mpango mkubwa, na uaminifu wake

Sophie alikuwa na mpango mpana zaidi. Alitaka kuonyesha kwamba kila kipeo tasa kina namba tasa saidizi zisizo na mwisho zenye sifa fulani. Kama ingekuwa hivyo, swali lote la Fermat lingekwisha. Mwaka 1819 alimwandikia Gauss barua ndefu kumweleza mpango huo.

Mpango haukufaulu. Lakini aliyeonyesha udhaifu wake ni nani? Ni Sophie mwenyewe. Katika barua kwa Legendre alithibitisha kwamba kwa kipeo cha 3 namba saidizi hizo zina mwisho. Yaani alichukua wazo alilolipenda na kulifanyia kazi kwa miaka, akalijaribu kwa ukali uleule ambao mpinzani angelijaribu, akaandika matokeo yaliyolivunja. Swali la Fermat lilisubiri hadi Andrew Wiles alipochapisha uthibitisho kamili mwaka 1995.

Na sehemu ile iliyofaulu je? Sophie hakuichapisha. Dunia iliifahamu kwa sababu Legendre, katika maandishi yake ya miaka ya 1820, alimtaja kwenye tanbihi. Kwa muda mrefu wasomaji wengi walidhani kwamba tanbihi hiyo ndiyo kazi yake yote juu ya namba. Baadaye wachunguzi walizisoma barua na karatasi zake zilizohifadhiwa, wakakuta kwamba alikwenda mbali kuliko ilivyodhaniwa. Pima hasara iliyopatikana: kwa muda wote huo, mtu aliyetaka kuendeleza mawazo yake hakuweza, kwa kuwa hakujua kwamba yapo.

Mwisho wa maisha yake

Katika miaka ya 1820, kwa msaada wa mwanahisabati Joseph Fourier, Sophie aliruhusiwa kuhudhuria vikao vya Akademia ya Sayansi. Kabla yake wanawake waliohudhuria walikuwa wake wa wanachama. Mwaka 1829 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Aliendelea kuandika huku akiwa na maumivu, akafariki Paris tarehe 27 Juni 1831, akiwa na miaka 55.

Cheti chake cha kifo hakikumtaja kuwa mwanahisabati. Kilimtaja kuwa mtu aishiye kwa mapato ya mali yake. Mnara wa Eiffel ulipokamilika mwaka 1889, uliandikwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa. Jina la Sophie halimo, ingawa alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa hisabati ya mtetemo wa mabamba. Siku hizi Paris kuna barabara na shule zenye jina lake, na kila mwanafunzi wa nadharia ya namba hulitaja anapoitaja familia yake.

Utafutaji wa namba kubwa leo

Familia ya Sophie ina undugu na familia nyingine mashuhuri, ile ya Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyeishi kuanzia 1588 hadi 1648. Namba za Mersenne hupatikana kwa kuchukua 2 kwa kipeo tasa, kisha kutoa 1. Mifano ni 2² − 1 = 3, 2³ − 1 = 7, 2⁵ − 1 = 31 na 2⁷ − 1 = 127. Zote nne ni tasa. Ukifika 2¹¹ − 1 unapata 2,047, na hapo ngazi inavunjika, kwa kuwa 2,047 = 23 × 89.

Tazama hiyo 23. Ni 2 × 11 + 1. Haikutokea kwa bahati. Ikiwa p ni namba tasa ya Sophie Germain iliyo kubwa kuliko 3, na ukiigawa kwa 4 inabaki 3, basi 2p + 1 lazima iigawe namba ya Mersenne yenye kipeo p. Lagrange aliithibitisha kanuni hii mwaka 1775, mwaka mmoja kabla Sophie hajazaliwa. Kwa p = 23 utapata kwamba 2²³ − 1 = 8,388,607 = 47 × 178,481. Kwa hiyo anayetafuta namba tasa za Mersenne anaweza kuviacha vipeo hivyo bila kuwasha kompyuta. Familia moja inamsaidia mtafutaji wa familia nyingine.

Kompyuta zenyewe zimefika mbali. Mwaka 1996 George Woltman alianzisha mradi uitwao GIMPS, unaounganisha kompyuta za watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali ili kutafuta namba tasa za Mersenne. Oktoba 2024 mradi huo ulitangaza kwamba 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1, ni namba tasa. Ina tarakimu 41,024,320. Ukitaka kuiandika kwa mkono kwa kasi ya tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, utatumia zaidi ya mwaka mmoja. Kwa upande wa familia ya Sophie, mwaka 2016 mradi wa PrimeGrid ulipata namba yenye tarakimu 388,342. Ni chache zaidi, kwa sababu hapa hazitoshi namba moja kuwa tasa. Lazima ziwe mbili kwa pamoja.

Namba 2p + 1 inayotokana na familia hii huitwa namba tasa salama, nayo hutumika katika baadhi ya mbinu za kulinda siri za mawasiliano ya kompyuta. Hata hivyo swali moja bado liko wazi: je, namba tasa za Sophie Germain zina mwisho? Wanahisabati wengi wanaamini hazina, lakini hakuna aliyethibitisha. Unaweza kulieleza swali hilo kwa mdogo wako wa darasa la saba, na bado hakuna profesa anayeweza kulijibu.

Cha kubeba kuingia nacho mtihanini

Mtahiniwa, huenda kuna somo ambalo umekwisha jiambia kwamba si lako. Huenda wewe ni msichana na umeambiwa hivyo na mtu unayemheshimu, au ni mvulana uliyepata alama za chini kidato cha pili ukakata tamaa. Sophie alikosea mbele ya waamuzi mara mbili, akarudi mara ya tatu. Alipogundua kwamba mpango wake una tundu, alilionyesha mwenyewe. Fanya hivyo na kazi yako: rudia swali ulilokosa, tafuta hatua ilikokwenda kombo, andika upya. Wewe una kitu ambacho yeye alikikosa, yaani mwalimu wa kusahihisha daftari lako. Mtumie. Jina la mtaa wetu linakukumbusha kwamba nguvu ni mali. Nguvu hiyo iweke kwenye karatasi.

Maswali ya kujipima

1. Taja vizuizi viwili alivyokutana navyo Sophie nyumbani na kimoja alichokutana nacho nje ya nyumbani.
2. Kwa nini alimwandikia Jenerali Pernety, na barua hiyo ilisababisha siri gani kufichuka?
3. Kati ya 7, 41, 43, 53 na 67, zipi ni namba tasa za Sophie Germain? Onyesha kazi.
4. Anza na 89. Zidisha kwa 2, ongeza 1, kisha rudia kwa kila jibu. Utapata 179, 359, 719, 1,439 na 2,879, zote tasa. Onyesha kwamba namba inayofuata si tasa.
5. Bila kukokotoa 2⁸³ − 1, taja namba tasa moja inayoigawa, na ueleze sababu.
6. Je, Ufaransa ilipoteza nini kwa kumnyima Sophie nafasi ya chuo? Jibu kwa aya moja, ukitumia mifano miwili kutoka katika maisha yake.

Majibu ya maswali ya hesabu

Swali la 3: 41 (kwa kuwa 83 ni tasa) na 53 (kwa kuwa 107 ni tasa). Nyingine hazimo: 15 = 3 × 5, 87 = 3 × 29, na 135 hugawanyika kwa 5.
Swali la 4: 2 × 2,879 + 1 = 5,759 = 13 × 443.
Swali la 5: 167. Namba 83 ni tasa, ukiigawa kwa 4 inabaki 3, na 2 × 83 + 1 = 167 nayo ni tasa.